Breki ya mkono, gia, ukingo au kabari: kipi kilishike gari la manyuo likiegeshwa?

Gari la otomatiki lina ile P ya kuegeshea. La manyuo, yaani la kubadilisha gia kwa mkono, halina. Ukizima injini na kushuka, kinacholizuia lisiondoke ni kile tu ulichokiacha kikishika: breki ya mkono, gia, ukingo wa barabara ulioegemezewa tairi, au kabari iliyochomekwa chini ya tairi. Madereva wengi wana kimoja walichokizoea na hawataki kusikia habari ya vingine. Yupo anayeegesha na namba moja tu, breki ya mkono haigusi eti kebo itavutika. Yupo anayevuta breki mpaka meno yaishe, gari akaliacha nyutro, yaani bila gia. Wote wawili hawajaulizwa swali sahihi, ambalo ni hili: hicho ulichokiamini kinashika wapi kwenye gari, na siku kikishindwa kitashindwaje?

Mteremko unavuta kwa kilo ngapi

Gari dogo la kilo 1,200 likiwa kwenye mteremko wa asilimia 10, yaani kila mita 10 barabara inashuka mita 1, linavutwa kwenda chini kwa nguvu ya kilo 120 hivi. Kwenye asilimia 20, mlima ambao ukiupanda lazima ushushe gia, nguvu inafika kilo 235. Hapo gari ni tupu. Pakia watu watano na magunia mawili ya mchele, hesabu inapanda nayo.

Wengi hudhani tatizo liko milimani tu: Lushoto, Bukavu, Kigali, vichochoro vya Capri Point kule Mwanza. Lakini kwenye lami, tairi zenye upepo wa kutosha huweza kuanza kubiringika mteremko ukizidi kidogo tu asilimia 1 au 1.5. Jicho halioni mteremko wa asilimia 2, na gari letu la kilo 1,200 hapo linasukumwa kwa kilo 24. Ndiyo maana gari huondoka lenyewe kwenye uwanja wa duka ambao kila mtu angeapa ni tambarare, tena si papo hapo. Linaondoka mtu anapofunga mlango kwa nguvu au lori linapopita na kuitikisa ardhi.

Breki ya mkono: hii ndiyo iliyoundwa kwa kazi hiyo

Tofauti kubwa kati ya breki ya mkono na vingine vyote ni kwamba hii imewekewa kiwango. Kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 13-H, inayohusu magari madogo, inataka breki ya kuegeshea peke yake ilishike gari lenye mzigo wake kamili kwenye mteremko wa asilimia 20, likiwa limeelekea juu au chini, na mkono wa dereva usilazimike kuvuta kwa zaidi ya niutoni 400, yaani kama kilo 40. Marekani, kanuni ya usalama wa magari iitwayo FMVSS 135 inadai asilimia 20 hiyohiyo kwa dakika 5, gia ikiwa nyutro. Hakuna kanuni kama hiyo inayomdai mtengenezaji kwamba gia ya kwanza ishike. Kwa hiyo anayesema "breki ya mkono ni ya ziada, mimi nategemea gia" ameupindua mpango mzima juu chini.

Kwenye magari mengi madogo breki hii inashika tairi za nyuma kwa kebo. Ukivuta mkono, kebo inavuta kijiti kilicho ndani ya ngoma ya breki, kijiti kinavisukuma nje viatu viwili, ambavyo mafundi huviita breki shuu, vikaikaba ngoma kwa ndani. Ngoma ina faida moja ambayo diski haina: gari likijaribu kuondoka, ngoma inapozunguka inakiburuta kiatu kimoja na kukikandamiza zaidi. Gari lenyewe linaisaidia breki. Ndiyo sababu hata magari mengi yenye diski nyuma yamefichwa ngoma ndogo katikati ya diski, kwa ajili ya breki ya mkono tu.

Yale yasiyo na ngoma hiyo, ambayo kebo inakwenda moja kwa moja kubana pedi kwenye diski, yana tabia yake. Umeshuka mlima mrefu kwa breki, diski zimewaka moto, ukafika na kuegesha palepale. Diski yenye moto imetanuka. Ikipoa inasinyaa, na ule mbano uliouacha unalegea. Gari linaweza kukaa dakika kumi au ishirini likiwa limetulia, wewe ukiwa ndani unakunywa chai, kisha likaanza safari. Dawa ni kuvuta meno mawili zaidi ya kawaida, kuweka na gia, na kurudi kuvuta tena baada ya robo saa.

Swichi ya umeme iliyochukua nafasi ya mkono kwenye magari mapya hupunguza shida hiyo, kwa kuwa mota inabana kwa nguvu iliyopimwa na mifumo mingine hurudia kubana diski zikipoa. Ila betri ikifa kabla hujaivuta, huna breki ya kuegeshea. Ikifa baada ya kuivuta, mara nyingi hutoi gari mpaka upate umeme.

Sasa mambo yanayoiharibu breki ya mkono ya kebo, kwa mpangilio wa yanayoonekana zaidi gereji. La kwanza, viatu vimelika na ajasta ya ndani, inayovisogeza karibu na ngoma, imeganda kwa vumbi na kutu, hivyo mkono unapanda juu kabisa bila kushika. La pili ni mafuta. Magari yenye ekseli nzima nyuma, kama Hilux na Hiace, sili ya ekseli ikichoka inavujisha oili ya difu (boksi la meno katikati ya ekseli) hadi kwenye viatu. Mkono unabana vizuri, meno yanalia vizuri, na bado gari linaserereka. Kiatu kilicholowa oili hakioshwi kwa petroli kikapona. Kinabadilishwa, pamoja na sili, la sivyo baada ya wiki mmerudi palepale. La tatu, kebo imekatika nyuzi au imejaa tope ndani ya ganda lake, ikashika tairi moja tu. La nne, meno ya mkono wenyewe yamesagika. Hili ndilo hatari kuliko yote kwa sababu mkono unaweza kushika leo na kuachia kesho.

Kosa la fundi wa haraka ni kukaza nati ya kebo pale chini ya mkono, mara nyingi ya spana namba 10 au 12, na kukurudishia gari. Mkono unakuwa mfupi, unafurahi. Lakini viatu vilivyolika bado viko mbali na ngoma, na kebo iliyokazwa kupita kiasi inavizuia vijisehemu vya ajasta ya kujirekebisha visifanye kazi yake. Kazi inaanzia gurudumuni: nyuma ya sahani ya breki kuna tundu lenye kizibo cha mpira, unaingiza bisibisi bapa na kuzungusha gurudumu la meno mpaka tairi lianze kukwaruza, kisha unalirudisha kidogo hadi lizunguke huru. Ukishamaliza pande zote mbili, ndipo unagusa kebo. Magari mengi hukamilisha kushika kati ya mlio wa 4 na wa 8 wa meno ya mkono. Kitabu cha gari lako kina namba yake kamili.

Kuijaribu breki ya mkono hakuhitaji fundi. Tafuta mlima usio na watu chini yake, simama kwa breki ya mguu, weka nyutro, vuta breki ya mkono kama unavyovuta siku zote, kisha achia mguu polepole. Likisogea hata kidogo, umepata jibu. Hapo usijipe moyo kwa kuvuta zaidi.

Wenye Land Rover Defender za zamani na ndugu zake wana mfumo mwingine kabisa. Breki yao ya mkono haiko kwenye magurudumu, iko kwenye shafti inayotoka nyuma ya transfa, lile boksi linalogawa nguvu kwa tairi za mbele na za nyuma. Inashika kwa nguvu ajabu, lakini nguvu hiyo inapita kwenye propela (shafti ndefu chini ya gari) na difu kabla ya kufika chini, kwa hiyo gari huyumba kidogo kabla ya kutulia, na ukiivuta gari likiwa bado linatembea utavunja kitu. Pia ina udhaifu mmoja mkubwa tutakaoufikia kwenye jeki.

Gia: msaidizi mzuri, mkuu mbaya

Unapoacha gia, kinacholizuia gari ni injini iliyozimwa: msuguano wake na upepo uliobanwa na pistoni ndani ya silinda. Nguvu ya tairi inaingia kwenye difu, inapanda gia boksi, inajaribu kuizungusha injini, inashindwa. Namba unayochagua ndiyo inayoamua itashindwa kwa kiasi gani.

Kwenye magari mengi madogo, ukiwa namba moja, tairi likizunguka mara moja injini inalazimika kuzunguka mara 14 hivi. Rivasi iko karibu hapohapo. Namba tano ni mara 3 na kitu. Chukua gari letu kwenye mlima wa asilimia 20: kwa namba moja, mzigo unaoifikia injini ni sawa na kukaza nati kwa spana ya nusu mita ukiikandamiza kwa kilo 10. Injini nzima inavumilia hiyo. Kwa namba tano, spana ileile inakandamizwa kwa zaidi ya kilo 40. Kwa hiyo "niliacha gia" si jibu kamili. Uliacha gia ipi?

Kati ya namba moja na rivasi, desturi ya zamani ni hii: gari likielekea juu, namba moja; likielekea chini, rivasi. Kwa injini ya petroli ya leo iliyozimwa ufunguo, tofauti ya kushika ni ndogo mno. Sababu iliyobaki na maana iko kwenye dizeli za zamani zenye pampu ya kimakanika. Likiwa limeelekea chini na namba moja, likianza kuserereka injini inazungushwa upande wake wa kawaida, na ikiwa kizimio cha mafuta hakifungi vizuri inaweza kuwaka, kama vile mtu anapolisukuma kulistua. Kwa rivasi inazungushwa kinyumenyume, kwa kawaida haiwaki. Shika desturi hiyo, haigharimu kitu.

Udhaifu wa gia ni wa polepole. Upepo uliobanwa kwenye silinda hauishi kubanwa; unavuja kidogo kidogo kupita ringi za pistoni na vali. Ukiisha kutoka, injini inasogea hadi silinda inayofuata, gari linapiga hatua ndogo chini, linatulia. Kisha tena. Kwenye injini iliyochoka, ile inayofuka moshi wa bluu asubuhi, hatua hizo zinaweza kufuatana karibukaribu hadi gari likashika mwendo. Mtu aliyeegesha saa mbili asubuhi na kulikuta saa sita liko hatua moja mbele ya pale alipoliacha, hajarogwa.

Kuna na mambo mengine matatu. Gia boksi iliyosagika huachia gia yenyewe ikisukumwa kwa muda mrefu. Magari ya kuvuta kwa tairi nne yenye mkono wa pili: mkono wa transfa ukiwa kwenye N, hata ukiweka namba moja umeifunga injini na gia boksi tu, magurudumu hayana habari. Na mtu mwingine anaweza kuwasha. Magari mengi ya zamani hayana swichi ya klachi, yanawaka bila kuikanyaga. Fundi anaingiza mkono dirishani na kuzungusha ufunguo asikilize stata, gari linaruka mbele mita moja kumfuata aliyesimama na ndoo ya maji. Ukikabidhi gari la manyuo kwa mtu wa kuosha au fundi, mwambie kwa mdomo: "Liko kwenye gia."

Gari lako linavutwa na tairi zipi?

Swali hili husahaulika, na kwangu ndilo linaloamua zaidi kama gia inakuongezea kitu au la. Gari linalovutwa na tairi za mbele, kama Probox na Corolla nyingi za miaka ya karibuni, gia inashika mbele na breki ya mkono inashika nyuma. Ukiweka vyote umeshika tairi nne. Hiyo ni faida halisi, hasa kwenye nyasi zenye umande au udongo mwekundu uliolowa.

Hiace, Hilux isiyo ya tairi nne, au Kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, breki ya mkono na gia vyote viwili vinashika tairi zilezile za nyuma. Kebo ikikatika gia inabaki, sawa. Lakini zikikosa msuguano hizo tairi mbili, huna kitu. Chukua Kirikuu tupu, kimeelekea chini kwenye matope: uzito umeegemea mbele, nyuma ni nyepesi, tairi zimefungwa na bado gari linateleza kama sleji. Hapo breki na gia vyote vinafanya kazi na gari linaondoka. Kinachosaidia ni kitu kilichowekwa mbele ya tairi za mbele.

Ukingo wa barabara

Hii haishiki gari. Inaamua litaelekea wapi likiponyoka, na kulisimamisha kabla halijachukua mwendo. Likielekea chini, geuza tairi za mbele kuelekea ukingo. Likielekea juu na ukingo wa zege upo, geuza kuelekea katikati ya barabara, kisha liache lirudi taratibu mpaka mgongo wa tairi la mbele uguse ukingo. Likielekea juu na ukingo haupo, geuza kuelekea pembeni, ili likiponyoka liingie porini badala ya kuvuka barabara. San Francisco, mji wa vilima, kufanya hivi ni sheria kwenye mteremko wowote unaozidi asilimia 3.

Tanzania, Kenya na Uganda ukingo wako ni wa kushoto. Rwanda, Burundi na Kongo ni wa kulia. Aliyenunua gari la usukani wa kulia na kuvuka nalo mpaka akumbuke kwamba kinachohesabiwa ni ukingo, si upande wa usukani.

Mitaa yetu mingi haina ukingo wa zege, ina mtaro. Mtaro wenye kina cha sentimita 60 utalisimamisha gari, kwa gharama ya bampa na pengine ekseli. Bado ni nafuu kuliko ukuta wa jirani. Geuza usukani kabla ya kuzima injini, gari likiwa bado linasogea kidogo. Kuugeuza gari likiwa limesimama kunachubua tairi, na ukishazima usukani ni mzito na kufuli lake linaweza kujifunga katikati.

Kabari: isiyopendwa, isiyodanganya

Kabari haina kebo, haina ringi za pistoni, haitegemei betri. Inashika tairi dhidi ya ardhi moja kwa moja. Utingo wa lori anajua thamani yake. Dereva wa gari dogo anaona aibu kubeba kipande cha mbao kwenye buti.

Yafaa iwe na kimo cha robo ya kipenyo cha tairi. Tairi la gari dogo lina kipenyo cha sentimita 60 hivi, kwa hiyo kabari ya sentimita 15. Kwenye mteremko mdogo na gari lililokwisha tulia, sentimita 10 zinatosha. Mwambie seremala achukue mbao ya inchi sita kwa sita kwa kabari ya sentimita 15, au nne kwa nne kwa ile ya 10, aikate urefu wa sentimita 25, upande mmoja aukate kwa mshazari wa nyuzi 45. Pigilia chini yake kipande cha mpira wa tairi kuukuu, misumari ikizama ndani ya mpira isikwaruze. Mpira huo ndio siri yenyewe: kwenye sakafu ya saruji au marumaru, mbao tupu inasukumwa na tairi na kuteleza mbele yake. Toboa tundu, funga kamba ya mita moja, uivute bila kuingiza mkono chini ya gari. Tengeneza mbili.

Jiwe la mviringo ni baya kwa sababu linaweza kubiringika pamoja na tairi au kufyatuka pembeni. Jiwe bapa lenye kona linafaa. Tofali la kuchoma linavunjika likibanwa, na la saruji lenye matundu linapasuka katikati bila kutoa ishara. Gogo la mti lenye duara lina shida ya jiwe la mviringo.

Kabari inakaa upande wa chini wa tairi, iguse kabisa, na iwe katikati ya upana wa tairi. Ukiacha nafasi ya sentimita tano, gari likiponyoka linafika likiwa tayari lina mwendo, linaruka juu yake. Baada ya kuiweka, mwenzako alegeze breki ya mguu kidogo ili tairi lilalie kabari, kisha abane tena breki ya mkono. Wewe usisimame upande wa chini wa gari.

Kuchagua kwa mahali

| Mahali | Kinachobeba mzigo | Msaidizi |
|---|---|---|
| Tambarare, saa chache | Breki ya mkono | Namba moja |
| Mteremko wa kawaida mtaani | Breki ya mkono | Namba moja au rivasi, tairi zikielekezwa |
| Mlima mkali, au gari lenye mzigo | Breki ya mkono pamoja na kabari | Gia na ukingo |
| Matope au nyasi zilizolowa | Kabari kwenye tairi za upande wa chini | Breki ya mkono na gia |
| Tambarare, wiki kadhaa, mwambao | Kabari mbele na nyuma ya tairi | Gia. Breki ya mkono iachiwe |
| Kivukoni, gari likiwa juu ya pantoni | Breki ya mkono | Gia, injini imezimwa |

Mstari wa tano unahitaji maelezo. Dar es Salaam, Mombasa, Unguja, Muscat, hewa ina chumvi na unyevu. Ukivuta breki ya mkono na kusafiri mwezi mzima, hasa kama gari limetoka kuoshwa, viatu vinashikana na ngoma kwa kutu. Ukirudi, gari halitoki au linatoka kwa mlio wa kupasuka. Kabla ya kuliacha, liendeshe kilomita mbili au tatu ukikanyaga breki mara kwa mara zikauke, kisha egesha tambarare kwa gia na kabari mbili. Likishanasa, usikanyage mafuta kwa hasira: lisukume mbele na nyuma kwa namba moja na rivasi kwa klachi laini, na likikataa, weka kabari, gonga ngoma kwa nyundo kando ya ukingo wake. Ndugu walioko Kanada na Sweden wanaijua shida hiyohiyo kwa sura ya barafu: maji yaliyoingia kwenye kebo yanaganda usiku, na breki haiachii asubuhi.

Jeki inabatilisha nusu ya haya

Difu huruhusu tairi mbili za ekseli moja zizunguke kwa kupishana. Ukiinua tairi moja la nyuma la Hilux na kuacha namba moja, lile lililo hewani linaweza kuzunguka kinyume huku la chini likibiringika, na injini haijui. Gia imekwisha kazi. Breki ya mkono nayo, kati ya tairi zake mbili moja iko hewani, kwa hiyo imebaki nusu. Kwenye Defender hali ni mbaya zaidi: breki ya shafti iko kabla ya difu, kwa hiyo tairi moja la nyuma likiinuka breki yote imepotea, labda uwe umefunga difu ya katikati.

Ndiyo maana gari huanguka kutoka kwenye jeki likibadilishwa pancha ilhali "nilivuta breki na niliacha gia". Kabla ya kugusa jeki, weka kabari kwenye tairi la ekseli ile nyingine, upande wa chini. Kama hujui upande wa chini ni upi, weka pande zote mbili. Kwenye mlima wa kweli usilete jeki kabisa. Tembeza gari polepole hadi penye tambarare, hata kama tairi litaharibika, tairi linanunuliwa.

Mpangilio wa vitendo

Mpangilio una maana kuliko watu wanavyodhani. Simama kwa breki ya mguu. Weka nyutro, vuta breki ya mkono, kisha achia breki ya mguu polepole na klachi ikiwa huru, gari lilalie breki ya mkono. Litashuka sentimita moja au mbili na kutulia. Likiendelea kushuka, kanyaga tena, hapo si pa kuegesha. Likishatulia, zima injini, kanyaga klachi, weka namba moja au rivasi, toa mguu. Ukiweka gia kwanza na kuachia mguu, mzigo wote unalalia meno ya gia, na wakati wa kuondoka mkono wa gia hautoki mpaka uutikise kwa nguvu.

Kuondoka ni kinyume chake, isipokuwa kabari. Kanyaga breki ya mguu na klachi, weka nyutro, washa, halafu namba moja. Breki ya mkono iachie klachi inapoanza kushika. Kama gari limeilalia kabari, usijaribu kuivuta huku limeikalia. Lipandishe sentimita kumi, lishike kwa breki, mwenzako aivute kwa kamba. Kama ulitumia jiwe, mwenzako huyohuyo alibebe hadi pembeni. Jiwe lililoachwa katikati ya barabara usiku linamsubiri mwenye pikipiki anayekuja nyuma yako.